Anésie na Kompyuta Iliyokwama Palepale

Kazi ya Anésie ilikuwa kubandika stika. Kioo kikishakatwa mezani, kikasuguliwa kingo na kuoshwa, kilimfikia yeye mwishoni mwa mstari, naye alikibandika stika yenye jina la mteja, vipimo, unene na namba ya jengo kinakokwenda. Stika ikikosewa, dirisha la bafu la mtu wa Penrith huishia sebuleni kwa mtu wa Bondi, upande mwingine wa jiji la Sydney, na simu zinazofuata si za kusikilizwa na watoto. Kwa miezi kumi na minne Anésie hakukosea hata moja. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na yeye mwenyewe hakulitangaza.

Kiwanda kilikuwa Seven Hills, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka stesheni, nyuma ya yadi ya matairi. Mwenye kiwanda aliitwa Dragan, Mkroeshia aliyehamia Australia akiwa kijana, mtu wa mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Anésie alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza Sydney nzima kuliandika jina lake pamoja na ile alama juu ya herufi e. "Hata langu wanaliharibu," Dragan alimwambia huku akimkabidhi glavu.

Kabla ya stika, Anésie alikuwa mwalimu. Miaka kumi na mmoja alifundisha hesabu katika sekondari ya kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtendeli, huko Kibondo, Tanzania, wanafunzi tisini darasani, kitabu kimoja, na ubao uliopakwa unga mweusi wa betri zilizokufa. Alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi, kabla ya somo, darasa zima lilisimama na kutaja vipeo vya mbili kwa sauti moja: mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, wakiendelea hivyo hadi pumzi ziwaishie. Wengi waliachia kwenye maelfu. Wachache wakaidi walivuka bilioni, na wakati huo mwalimu wa Kifaransa wa chumba cha pili alikuwa ameshagonga ukuta mara tatu.

Alipofika Sydney na binti yake Lyse, mapema mwaka 2005, alipeleka vyeti vyake kwenye ofisi inayokagua elimu ya nje. Barua ikarudi kwamba shule hiyo haimo kwenye orodha yao. Anésie aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kutafuta kazi nyingine. Alimwambia Lyse kwa Kiswahili kwamba si neno. Lyse, mwenye miaka kumi na mitano, alimjibu kwa Kiingereza kwamba ni neno tena kubwa, na kwamba watu wa ofisi ile hawana akili. Tangu hapo suala hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwao Auburn.

Pembeni ya meza ya stika kulikuwa na kichumba alimokaa Clifford, mpangaji wa ukataji. Kazi yake ilikuwa hivi. Kioo huja kiwandani katika mabamba makubwa, mita sita kwa tatu. Wateja hawataki bamba. Wanataka dirisha hili, mlango ule, kioo cha kujitazamia, mamia ya vipande vya kila ukubwa. Swali ni jinsi ya kuvipanga vipande hivyo juu ya mabamba ili kinachotupwa kwenye pipa la mabaki kiwe kidogo kabisa. Mtu anaweza kukisia kwa macho. Clifford alikuwa na programu ya kompyuta isiyokisia. Ilijaribu mpangilio mmoja, ikatoka na matawi mawili, kila tawi likazaa mengine, na matawi yote yaliyoonekana kuwa na matumaini iliyaweka kwenye kumbukumbu ili iyarudie baadaye. Ilikuwa programu ya hesabu nzitonzito, na kompyuta ilihema kila ilipofunguliwa.

Anésie aliingia humo mara kumi kwa siku kwa sababu mashine ya kuchapa stika ilikuwa mezani kwa Clifford. Kwa hiyo Clifford alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mwezi wa tano mwaka 2006, Dragan hakufikiri sana.

"Wewe unaingia mle kila saa," alimwambia Anésie. "Utafungua orodha, utabonyeza kitufe cha kuanza, utasubiri. Mpango ukitoka, unampelekea mkataji. Usiguse kingine."

Clifford, katika siku yake ya mwisho, alimwonyesha kitu kimoja cha ziada: dirisha dogo kwenye skrini linaloorodhesha programu zote zilizo kazini na kumbukumbu ambayo kila moja imechukua. Lilikuwa na safu mbili za namba. Ya kwanza ilionyesha kiasi kilichokaa kwenye kumbukumbu yenyewe, zile chipu zilizochomekwa ndani ya kompyuta. Ya pili ilionyesha jumla ya kumbukumbu ambayo programu imeomba na kuahidiwa, iwe imekaa kwenye chipu au imehamishiwa kwenye diski. Hiyo ya pili Clifford aliiita kumbukumbu pepe. "Ukichoka kusubiri," alisema, "tazama namba zinavyopanda. Mimi huniliwaza."

Wiki mbili zikapita kwa amani. Kisha ikaja oda ya jengo la ghorofa kumi na nne: vipande mia sita na arobaini, kwa mkupuo mmoja, na mkupuo wa pili kama huo ungefuata.

Anésie alifungua orodha saa tatu asubuhi, akabonyeza, akarudi kwenye stika zake. Baada ya saa moja alichungulia. Taa ya diski ilikuwa imewaka moja kwa moja bila kupepesa, na ndani ya kompyuta kulikuwa na sauti ya kukwaruza kama kuku anayetafuta punje. Kipanya kilisogea sentimita moja kwa dakika. Kwenye lile dirisha dogo, safu ya kwanza ilikuwa imekwama karibu na kilobaiti laki saba, lakini ya pili ilizidi kupanda. Saa nane mchana, watu wametoka kula, programu ikafa. Ilimwachia kisanduku chenye maneno mafupi: kumbukumbu haitoshi.

Alijaribu tena siku iliyofuata. Ikafa vilevile. Dragan alimwita fundi wa kompyuta anayemhudumia, kijana mwenye nywele zilizosimama kwa jeli, ambaye alikitazama kisanduku kile kwa sekunde mbili tu.

"Kumbukumbu haitoshi," alisema. "Una gigabaiti moja. Nitakuletea mashine ya gigabaiti nne."

Mashine mpya ililetwa Jumatano, nyeusi, ikinuka plastiki. Dragan mwenyewe alikuja kusimama nyuma ya Anésie, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri farasi wake atoke. Kweli, mambo yalibadilika. Hakukuwa na kukwaruza, kipanya kiliteleza, na safu zote mbili zilipanda pamoja kama ndugu. Zilipanda upesi. Dakika ya arobaini programu ikafa, na kisanduku kikatokea na maneno yaleyale.

Dragan alisema jambo kwa Kikroeshia. Halafu akatoka, akamwambia mkataji apange kwa macho kama zamani, na mkupuo ule ukameza mabamba mia moja na kumi na nane. Pipa la mabaki lilijaa hadi likaanza kudondosha vipande sakafuni.

Anésie hakutoka pale kwenye kiti. Kuna jambo lilimkera, nalo lilikuwa dogo. Yeye tangu ualimu alikuwa na tabia ya kuandika, na kwenye daftari lake, mle alimoandikia pia ratiba ya treni na siku za Lyse za michezo, alikuwa ameandika ile namba ya safu ya pili ilivyosomeka dakika ya mwisho kila programu ilipokufa. Mashine ya zamani, mara ya kwanza: kilobaiti 1,931,000. Mara ya pili: 1,944,000. Mashine mpya, yenye kumbukumbu mara nne: 1,938,000.

Mtu anayekufa kwa njaa, akipewa chakula mara nne, angeishi angalau siku mbili zaidi. Hii programu ilikufa palepale.

Aliiandika milioni mbili pembeni, akaifuta. Haikuwa milioni mbili. Kisha midomo yake ikaanza yenyewe, kimyakimya, mbili, nne, nane, kumi na sita, kama asubuhi za Mtendeli, na kidole kikihesabu juu ya meza. Alipofika kipeo cha ishirini na moja, alisimama. 2,097,152. Namba zake zote tatu zilikuwa zimesimama chini kidogo ya hapo, kama watu walioambiwa wasikanyage mstari. Kwa kilobaiti ilikuwa kipeo cha ishirini na moja, na kwa baiti mojamoja, kwa kuwa kilobaiti ni baiti 1,024, ilikuwa kipeo cha thelathini na moja.

"Bon, haya," alijiambia. "Hii si njaa. Kuna mtu ameweka ukuta."

*

Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili kanisani Auburn, alimkamata Mwiti kwenye meza ya chai. Mwiti alikuwa Mmeru wa Kenya wa miaka ishirini na tisa, anasoma shahada ya uzamivu ya hesabu chuo kikuu, na kila mtu kanisani alimkimbilia akiwa na simu iliyoharibika, ingawa alishasema mara nyingi kwamba yeye hatengenezi simu. Alipomwona Anésie anakuja na daftari alianza kusema hivyo tena.

"Si simu," Anésie alisema. "Angalia hizi namba. Donc, kwa hiyo, mashine mbili, kumbukumbu tofauti, lakini yote inakufa hapa. Chini ya mbili kipeo cha thelathini na moja. Ni nani ameweka hiyo ukuta?"

Mwiti aliweka kikombe chini. Alizitazama namba, akamtazama mama huyu ambaye kila siku alimjua kama mtu wa kupanga viti.

"Mama Lyse, nani amekufunza vipeo?"

"Mimi ndiye nilikuwa ninafunza wengine. Jibu swali."

Mwiti akacheka, akachukua karatasi ya matangazo ya kanisa na kuigeuza upande mweupe.

"Sikiza. Shida yako haiko kwa chipu. Programu haioni chipu kabisa. Inaona tu kile mfumo endeshi, ile programu kubwa inasimamia kompyuta yote, imeipatia. Na kitu inaipatia ni anwani. Sawa? Namba za plot, za viwanja." Alichora mstari mrefu. "Kompyuta yenu inaandika anwani kwa biti thelathini na mbili, yaani sifuri na moja thelathini na mbili. Kwa hivyo plot zote ni mbili kipeo cha thelathini na mbili. Bilioni nne na kitu. Mfumo unachukua nusu, unasema hii ni yangu ya kazi za ndani. Nusu ingine ndio inapewa programu."

"Nusu ya kipeo cha thelathini na mbili ni kipeo cha thelathini na moja."

"Si ndio! Huo ndio ukuta wako."

"Na chipu ziko wapi sasa?"

"Chini ya maji, kwa siri." Mwiti alichora mraba mdogo chini ya mstari, na mwingine mkubwa kando yake. "Mfumo uko na jedwali kubwa. Umegawa kila kitu kwa kurasa ndogondogo. Plot hii, ukurasa wake uko kwa chipu pale. Plot ile, nafasi imeisha, ukurasa wake umetupwa kwa diski. Programu ikiuliza ile iko kwa diski, mfumo unaisimamisha, unaenda kuleta ukurasa, unatupa mwingine, halafu unaiambia endelea. Programu haijui kitu. Sasa ile mashine yenu ya kwanza chipu zilijaa mapema, ikawa inapeleka na kuleta, inapeleka na kuleta. Ndio ile kelele ulisikia. Mashine mpya ina chipu za kutosha, kwa hivyo imekimbia. Lakini imekimbia mpaka kwa ukuta uleule."

Anésie aliitazama michoro muda mrefu. Kwenye kona ya ukumbi akina mama walikuwa wanabishana kuhusu sufuria.

"Mbona inakufa kabla ya kufika ukuta? Bado laki moja na nusu."

"Vipandevipande. Kuna plot zimeshakaliwa hapa katikati, hapa, na hapa. Programu ikiomba eneo kubwa lililoungana, halipo, hata kama ukijumlisha nafasi zilizobaki zinatosha."

"Kama bamba la kioo," Anésie alisema. "Mabaki ni mengi lakini mlango hautoki."

Mwiti alimwambia pia kwamba kuna namna ya kuusogeza ukuta. Kuna faili ambalo mfumo hulisoma unapowaka, na ukiongeza neno moja humo, mfumo hujibana kwenye robo na kuiachia programu robo tatu, mradi programu yenyewe imeandikwa kukubali. Alimwandikia neno lenyewe kwenye karatasi ya matangazo, chini ya tarehe ya mkutano wa vijana.

*

Jumatatu Anésie alimpelekea Dragan karatasi hiyo, Dragan akampigia fundi wa jeli, fundi akaja na uso wa mtu aliyefundishwa kazi yake na mbandika stika. Aliongeza lile neno, akawasha kompyuta upya. Programu ilianza kupanda, ikavuka milioni mbili, ikavuka mbili na nusu. Dragan alimpiga Anésie begani kwa furaha hadi daftari likamponyoka.

Kisha meza ya kukatia ikazimika.

Haikuzimika kabisa. Ilikataa tu kusikiliza. Meza ile iliongozwa na kompyuta hiyohiyo, kupitia kadi maalumu iliyochomekwa nyuma, na mfumo endeshi, ulipojibana kwenye robo, haukuwa na nafasi ya kuihudumia kadi hiyo pamoja na mengine yote. Kisu kikaganda katikati ya bamba. Mkataji alipiga kelele. Saa mbili nzima kiwanda kilikaa kimya, watu wamejipanga nje ukutani wakivuta sigara, hadi fundi alipoliondoa lile neno na kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

"Imetosha," Dragan alisema. Hakupayuka, na hilo lilimuumiza Anésie zaidi. "Kuanzia sasa tunapanga kwa macho mpaka Clifford arudi. Wewe rudi kwenye stika. Ulinisaidia, asante, lakini basi."

Siku hiyo treni ya kurudi Auburn ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Nyumbani Lyse alimwuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa, naye akajibu yuko sawa, akamenya viazi vingi kuliko walivyohitaji.

Lakini kichwa cha mwalimu hakina swichi. Jumanne asubuhi alikuwa kwenye meza yake, akibandika. Kioo cha milimita sita, stika nyeupe. Kioo cha milimita kumi, stika ya manjano. Sita, sita, kumi, sita. Vyote vya jengo lilelile la ghorofa kumi na nne, vyote kutoka orodha moja, kwa kuwa vingepanda lori moja. Clifford aliziandika hivyo siku zote: lori moja, orodha moja.

Mkono wake ukasimama hewani na stika ya manjano imening'inia kidoleni.

Kipande cha milimita kumi hakiwezi kukatwa kutoka bamba la milimita sita. Kamwe. Vioo hivi viwili havikuwa na lolote la kuambizana, ila programu haikujua. Ilipewa orodha moja, na kwa kila mpangilio wa hivi ilijaribu kila mpangilio wa vile. Wazimu mtupu.

Alimkuta Dragan uani, karibu na forklifti, gari la kunyanyulia mabamba.

"Bosi, dakika mbili."

"Kama ni kompyuta, hapana."

"Si kompyuta. Ni hesabu."

Dragan alishusha pumzi. Anésie aliinama, akachukua chaki ya kuwekea alama mabamba, na kuandika sakafuni, juu ya zege, kwa herufi kubwa kama aliyekuwa mbele ya watu tisini.

"Tuseme vioo vya sita vina njia mia tatu za kupangwa. Vya kumi vina njia mia mbili. Tukiviweka orodha moja, programu inajaribu kila moja ya hizi na kila moja ya zile. Mia tatu mara mia mbili. Ngapi?"

"Elfu sitini," Dragan alisema bila kupenda.

"Na kila inachokikumbuka lazima kiingie nyuma ya ukuta mmoja. Sasa tuzitenganishe. Mia tatu, halafu mia mbili. Ngapi?"

Dragan alitazama zege. "Mia tano."

"Elfu sitini, au mia tano. Badala ya kuzidisha, tunajumlisha. Na kuna kingine. Mfumo wa kompyuta unaipa kila programu iliyofunguliwa anwani zake yenyewe, ukuta wake yenyewe. Nikiifungua programu mara mbili, moja kwa kila unene, kila moja inaamini iko peke yake duniani. Chipu ulizonunua zinatosha zote mbili, hakuna haja ya kwenda kwenye diski. Hatugusi mfumo. Hatugusi kadi. Tunakata orodha tu."

Dereva wa forklifti alikuwa amezima injini ili asikie. Dragan alijikuna shingo.

"Nani alikufundisha kueleza hivi?"

"Nimefundisha miaka kumi na mmoja."

"Kufundisha nini?"

"Hesabu."

Dragan alizisoma tena zile namba za zege. Mwaka na zaidi walikuwa wamesalimiana kila asubuhi, wakaulizana habari za mvua na za goti lake bovu, na hili hakuwahi kuliuliza. Akaelekeza kidole kwenye kichumba.

"Nenda," alisema.

Ilimchukua Anésie nusu saa kuitenganisha orodha ya mkupuo wa pili. Milimita sita: vipande mia nne na ishirini. Milimita kumi: mia mbili na ishirini. Alifungua programu mara ya kwanza, akabonyeza, akaifungua mara ya pili, akabonyeza. Kwenye dirisha dogo yalikaa majina mawili yanayofanana, kila moja na namba zake. Alivuta kiti. Dragan alisimama mlangoni akijifanya anasoma karatasi ya zamu.

Ile ya milimita kumi ilimaliza kwanza, dakika ya kumi na moja, ikiwa haijafika hata laki nne. Mpango ukajichora kwenye skrini, mistatili ya buluu imebanana vizuri juu ya mabamba. Ile ya sita iliendelea kupanda. Laki tisa. Milioni moja. Milioni moja na laki mbili. Anésie alijikuta ameshika ukingo wa meza. Milioni moja na laki nne, na hapo ikaanza kupanda polepole, ikatulia, ikarudi nyuma kidogo, kwa kuwa programu ilikuwa imeanza kuyatupa matawi yasiyo na faida. Dakika ya thelathini na nne ilimaliza.

Mabamba tisini na saba kwa jumla. Kwa macho, mkupuo wa kwanza ulimeza mia moja na kumi na nane.

Dragan alizisoma namba hizo akiwa ameinama, pua karibu iguse skrini. Alitoka, na Anésie alimsikia akimwita mkataji kwa sauti ile ya kushindana na mashine, akimwambia aache chaki zake na aje achukue mpango. Kisha akarudi na vikombe viwili vya chai, kimoja kina sukari tatu, akauliza kipi ni cha nani, kwa kuwa hata hilo hakuwa akilijua.

*

Clifford alirudi mwezi wa tisa, akitembea kwa fimbo, akakuta orodha zake zimegawanywa kwa unene, na zile ndefu sana zimegawanywa tena kwa aina ya kioo. Alishinda siku nzima akizipitia. Jioni alimwambia Anésie kwamba kwa miaka saba alikuwa akiifanya programu ile iteseke bila sababu, na alicheka hadi akalazimika kushika nyonga. Mwaka uliofuata alistaafu. Kiti hakikutangazwa, kwa sababu hakikuwa wazi: Anésie alishakikalia.

Mwiti alipata shahada yake na akabaki chuoni. Kila mara programu zake mwenyewe zilipogonga ukuta alimpigia simu Anésie, si kwa kuwa Anésie alijua kompyuta kumzidi, bali alikuwa na mazoea ya kuuliza, "Na hivi viwili, vina uhusiano gani?" na mara nyingi jibu lilikuwa havina.

Mwaka 2009 kiwanda kilinunua kompyuta za biti sitini na nne. Kule anwani ni nyingi kiasi kwamba Anésie alipojaribu kuzitaja kwa vipeo, kwa raha zake tu, sauti ilimkauka. Mtengenezaji wa programu alitoa toleo jipya la kuendana nazo, na ukuta ule ukabaki hadithi ya wazee wa ofisi. Lakini mwaka huohuo Dragan alifungua tawi dogo Melbourne, na wapangaji wawili wa huko, kwa kuwa walikuwa na nafasi ya kutosha, walitupa kila kitu kwenye orodha moja na kushangaa kwa nini wanasubiri tangu asubuhi hadi jioni. Anésie alipelekwa kwa ndege akawaone.

Mmoja alikuwa mwanamke wa Kivietinamu aliyeandika kila alichoambiwa. Mwingine alikuwa bwana mkubwa mwenye ndevu, ambaye alimtazama Anésie juu hadi chini na kusema kwamba kompyuta mpya inaweza kumeza chochote.

"Inaweza," Anésie alikubali. "Zima skrini."

"Nizime?"

"Zima. Chukua penseli. Niambie, katika orodha hii, ni vioo gani ambavyo haviwezi kutoka bamba moja?"

Yule bwana alinung'unika, akatafuta penseli, akakosa, akapewa na jirani yake. Alianza kuchora mistari, polepole mwanzoni. Baada ya robo saa alikuwa ameegemea meza kwa viwiko vyote viwili, amesahau kunung'unika, na Anésie alikuwa amesogea dirishani kutazama mvua ya Melbourne, akimwacha afanye.